Gari la Bariadi Lililonunuliwa Mara Mbili

MSAFIRI atokaye Mwanza kwenda Bariadi huifuata barabara ya Musoma, akaipita Magu, hata akafika Lamadi, jirani na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Hapo hushika mkono wa kulia. Ziwa hubaki nyuma, na mbele yake hutandazwa nchi ya Wasukuma: mashamba ya pamba, makundi ya ng'ombe, na udongo mweusi wa mbuga ambao ukishiba mvua hunasa magari bila kuchagua. Leo njia hiyo ni ya lami. Zamani ilikuwa kazi ya Landrover.

Moja ya Landrover hizo niliikuta asubuhi katika gereji mjini Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012. Rangi yake ya kijani ilikuwa imepauka. Fundi alikuwa amelala chini yake akiunga chesisi kwa moto, na mwenye gari, mzee mkulima, alikuwa ameketi kivulini akingoja.

"Mwangaluka, baba," nilimsalimu.

"Mwangaluka, mwanangu."

Nilipomwomba anisimulie habari za gari lake, alitoa mfuko wa nailoni, akafungua kadi iliyochakaa. "Soma," akasema.

Huko Uingereza, ndugu msomaji, mtu anayetaka kununua gari la michezo la zamani, kama Jaguar E-Type iliyotoka mwaka 1961, hauangalii uzuri wake tu. Huuliza pia orodha ya wamiliki, kwani orodha safi huongeza bei. Kadi ya mzee huyu nayo ilikuwa na orodha yake: chama cha ushirika, kisha mamlaka ya umma, kisha ushirika tena, na mwisho yeye mwenyewe.

Orodha hiyo ndiyo historia ya pamba ya Usukuma. Katika miaka ya hamsini wakulima walichoshwa na mizani ya wanunuzi binafsi. Wakiongozwa na Paul Bomani waliunganisha vyama vyao, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wa Victoria, VFCU, uliokuja kununua pamba yote ya Kanda ya Ziwa na kumiliki viwanda vyake vya kuichambua. Mwezi Mei 1976 Serikali ilivunja vyama vya ushirika. Sheria ya mwaka 1982 ikaruhusu vianzishwe upya, na mwaka 1994 mlango ukafunguliwa tena kwa wanunuzi binafsi. Katika mageuzi hayo gari lile lilihama mikono, hata likafikishwa mnadani.

Waliolitengeneza hawakubaki palepale pia. Kampuni ya Rover ililionyesha gari la kwanza la aina hii mwezi Aprili 1948. Chuma kilikuwa adimu baada ya vita, ndiyo maana bodi ilifanywa ya alumini, nayo haioti kutu kama chesisi iliyo chini yake. Mwaka 1967 Rover iliingia katika Leyland. Mwaka 1975 dola ya Uingereza ikawa mwenye hisa mkuu. Mwaka 1994 ikanunuliwa na BMW ya Ujerumani. Mwaka 2000 Landrover ikaangukia kwa Ford ya Marekani. Mwaka 2008 Tata ya India ilizinunua Landrover na Jaguar pamoja kwa dola bilioni 2.3. Fahari ya Waingereza sasa ina mwenyewe mwingine.

Nilimrudishia mzee kadi yake, nikamwambia kwamba yeye ni mmiliki wa nne. Alitikisa kichwa.

"Mimi ni wa kwanza," alisema. "Nilipokuwa kijana, kila kilo ya pamba niliyopeleka mizanini ilikatwa senti za ushirika. Senti hizo ndizo zilizonunua gari hili. Kisha nikalikuta mnadani, nikalinunua mara ya pili kwa ng'ombe wangu."

Sasa yuko mtu wa Arusha anayelitaka kwa ajili ya kuwatembeza watalii. Kijana wake mzee anashauri liuzwe, kwa kuwa vipuri ni ghali na wajukuu wanadaiwa karo. Mzee hakatai. Alisema atangoja msimu wa pamba: bei ikiwa nzuri, karo italipwa na gari litabaki, ikiwa mbaya, kadi itaandikwa jina la tano.

Kadi humtaja aliyekabidhiwa gari. Maelfu waliolilipia kwa jembe na kwa mgongo uliopinda hawamo humo, nasi tunaopita Bariadi kwa lami laini yatupasa kuwakumbuka.

Fundi alitoka chini ya gari, akajipangusa mikono. Injini ilikohoa mara mbili, ikashika. Mzee alipanda, akanifungulia mlango wa pili.

"Panda, mwanangu. Nitakufikisha stendi."