Herufi Moja ya Sajenti

Miaka 18 nilikaa masijala, kwanza Handeni, kisha Korogwe. Wanajeshi wastaafu niliwajua kabla hawajasema neno: waliingia wima, na nyaraka zao zimo kwenye bahasha ya kaki, nayo imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni zisije zikaloa.

Mmoja alikuwa sajenti kutoka upande wa Handeni. Mwalimu Nyerere alipotangaza vita dhidi ya Idi Amin, Novemba 1978, sajenti huyo alikuwa kijana jeshini. Kampala ilipotwaliwa Aprili 1979, alikuwamo. Kwangu alikuja kuhakikiwa pensheni. Barua yake ya kustaafu ilisema Ramadhani, kitambulisho cha taifa kikasema Ramadhan.

"Mzee, majina hayalingani. Kaape kiapo kwanza."

"Kwa herufi moja, mwanangu?"

"Ndiyo utaratibu, mzee."

Aliporudi na kiapo, mwenzangu alidai barua ya mtendaji wa kijiji. Alipoileta, mwingine akamwelekeza PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma uliozaliwa 2018 kwa kuunganisha mifuko minne, ilhali pensheni ya askari wa JWTZ hulipwa na Hazina. Kila safari ilikuwa kilomita 65 kuja na nyingine 65 kurudi, kwa nauli ya kukopa.

Mara ya nne alikuja mkewe. "Mzee hawezi tena kuinuka," akasema, akaniwekea ile bahasha mezani.

Nilizitandaza karatasi zote, nikaona aibu. Hapakuwa na hata moja ambayo haikutoka serikalini. Serikali ilikuwa ikijiuliza maswali yenyewe, na mzee wa watu tumemfanya tarishi wa kupeleka majibu.

Nilimwendea mkuu wangu, akanisikiliza. Uhakiki uliofuata tuliketi chumba kimoja: mtendaji, kamishna wa viapo, mtu wa vitambulisho na mimi. Orodha ya vinavyotakiwa tuliiandika kwenye ukurasa mmoja, kwa herufi kubwa, ikasomwa kwenye mikutano ya vijiji kabla ya siku yenyewe. Mwenye kasoro aliirekebisha hapo hapo, akaondoka amemaliza. Wasiojiweza tuliwafuata majumbani.

Kwa sajenti nilikwenda mwenyewe. Alikuwa amelala kitanda cha kamba, mkewe pembeni. Nilijaza fomu, kisha nikalisoma jina lake kwa sauti, pamoja na ile herufi ya mwisho, ili nihakikishe.

Akajikusanya, akanyoosha mikono ubavuni, akaitika kama yuko kwenye gwaride:

"Afande!"