Nati Kuingia si Nati Kukaa

Wasomaji wangu wamezoea kunisoma nikizungumzia katiba, bajeti na mienendo ya waliopewa dhamana. Leo naomba tuzungumzie magurudumu, hususan vile vipande vya chuma vinavyolishika gurudumu lisiliache gari likiwa mwendoni. Wanafunzi wangu wa sera za umma watanivumilia. Nao watumishi wa umma wanaosafiri kila wiki watakuwa na sababu zaidi ya kuvumilia.

Magari mengi katika barabara zetu yametoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Katika Toyota au Nissan, habu huwa na vijiti vya chuma vyenye hesi vinavyochomoza nje. Mafundi huviita stadi, neno ambalo katika Kiswahili sanifu ni sifa ya mtu hodari wa kazi. Wao hawaoni tatizo, nami sioni. Gurudumu hutundikwa kwenye stadi hizo, kisha nati hufuata. Katika Volkswagen, BMW na Mercedes utaratibu ni mwingine. Habu ina matundu yenye hesi kwa ndani, na bolti hupita katika rimu na kuingia humo. Bolti zikitoka, hakuna kilichobaki cha kulitundika gurudumu.

Tofauti hiyo huonekana ndogo mpaka siku ya pancha. Mwaka juzi ilinikuta usiku, mvua ikinyesha, baina ya Chalinze na Mdaula, nikiwa na mpwa wangu katika Golf niliyoinunua kwa mtu aliyekuwa akihama nchi. Ilitubidi tulinyanyue gurudumu kwa mikono, tulisawazishe mpaka matundu ya rimu yalingane na ya habu, tulishikilie hapo, kisha tutafute tundu la kwanza la bolti gizani, malori yakipita hatua chache kutoka migongoni mwetu. Habu ilikuwa ikizunguka kila tulipoigusa. “Mjomba,” alisema yule kijana, “gari hili linataka watu watatu.” Sikuwa na jibu, maana hesabu yake ilikuwa sahihi.

Kila chombo hubeba ndani yake picha ya mtu atakayekitumia. Aliyeisanifu bolti hakuwa mjinga. Habu yenye matundu ni rahisi kuitengeneza na kuifunga kiwandani, na Mercedes huweka ndani ya vifaa vya gari kijiti cha kuongozea gurudumu wakati wa kulibadili. Lakini picha iliyomo ni ya mtu aliyesimama mahali tambarare, penye mwanga, au mwenye namba ya simu ya kumwita msaidizi. Mke wangu huliendesha gari hilo peke yake mpaka Mlandizi kila Ijumaa. Yeye hayumo katika picha ile.

Ipo sababu nyingine, nayo kwangu ni nzito zaidi. Stadi ikiharibika hesi, unang'oa stadi na kuweka nyingine. Bolti iliyoingizwa upande, kisha ikasukumwa kwa mashine ya upepo na mziba pancha mwenye foleni ya wateja, huharibu hesi ya habu yenyewe. Hapo unazungumzia kung'oa habu, na katika magurudumu ya mbele ya gari kama langu mara nyingi beringi nayo haitoki salama. Kosa la dakika moja linamgharimu mwenye gari mshahara wa wiki kadhaa. Kwangu lilikwisha kutokea kwenye gurudumu moja, katika duka la matairi ambalo sitalitaja, na mwenye duka alinieleza kwa utulivu kwamba nimekuja nalo likiwa hivyo.

Nikaamua kuweka stadi kwenye habu zote nne. Zipo stadi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, zenye hesi ncha zote mbili: moja huingia kwenye habu, nyingine hupokea nati. Golf yangu hutumia hesi ya kipenyo cha milimita 14, na kila mzunguko husogea milimita 1.5. Kanuni ya mafundi ni kwamba chuma kikishikana na chuma, urefu wa hesi iliyoshikana usipungue kipenyo chake. Kwa milimita 14, hiyo ni zaidi ya mizunguko 9, na hesabu hiyo hufanywa pande zote mbili: ndani ya habu na ndani ya nati.

Tulipofika kwenye nati ndipo mjadala ulipoanza. Fundi wangu ni kijana makini, wala simtaji kwa kejeli. Aliniambia, “Mwalimu, usihangaike kuagiza nati. Za Land Cruiser ni milimita 14, hesi ni ileile. Zinaingia bila shida.” Alikuwa sahihi: Land Cruiser za aina ya 100 na 200 zina hesi hiyo. Aliizungusha nati moja kwa vidole mpaka mwisho, ikaenda laini kama iliyozaliwa pale.

Nilimwomba aitazame rimu. Tundu la bolti katika rimu ya Volkswagen lina kikalio chenye mviringo, kama kipande cha tufe. Nati nyingi za magari ya Japani zina kikalio chenye umbo la pia, na nyingine huwa na shingo na washa bapa. Ukiweka pia ndani ya tufe, vinagusana kwenye ukingo mwembamba tu. Spana itakwambia nati imekaza. Gari litatembea leo na kesho. Lakini ule ukingo utabonyea kidogo kidogo, mkazo utapungua, na kwa kuwa ni msuguano unaotokana na mkazo ndio hasa unaolishika gurudumu, gurudumu litaanza kucheza juu ya stadi mpaka zikatike. Hakuna atakayeiona hatari hiyo kwa kutazama nje. Nati inaingia, ila haikai. Wanaosoma sheria zilizonakiliwa kutoka nchi nyingine watakuwa wameshanielewa, na sitaurefusha mfano huo.

Tuliagiza nati 20 zenye kikalio cha tufe, tukasubiri. Siku ya kazi, fundi alisafisha matundu kwa brashi ya waya, akapaka gundi ya hesi, akaingiza kila stadi kwa kufunga nati mbili zikikabana juu yake. Kisha alizungusha kila habu kwa mkono kuhakikisha hakuna ncha iliyotokeza nyuma na kugusa kitu. Nati zilikazwa kwa kuruka upande hadi upande, kwa spana yenye kipimo, nyutonimita 120. Spana hiyo tuliiazima. Gereji ile, yenye kazi nyingi na sifa nzuri, haikuwa nayo.

Hapo ndipo ninapowasumbua wasomaji wangu wa maofisini. Tunakagua leseni, bima na stika. Ni nani anayemkagua mziba pancha, ambaye mikono yake hugusa magurudumu mengi kwa siku kuliko mkaguzi yeyote wa serikali? Sizungumzii kumtoza faini. Nazungumzia kumpa spana yenye kipimo kwa mkopo nafuu, na kumfundisha kwa nusu siku tofauti ya vikalio vitatu. Halmashauri inayoweza kumtoza ushuru haishindwi kumfikia kwa jambo hilo.

Mwenzangu wa idara ya uhandisi hakubaliani nami kuhusu gari lenyewe. Anasema kiwanda kilipima bolti, hakikupima stadi zangu. Kwamba stadi ya kuzungushwa inaweza kutoka pamoja na nati bila mtu kutambua. Na kwamba kampuni ya bima ina haki ya kuniuliza. Hoja zake ni nzuri kuliko nyingi ninazozisikia kwenye vikao vya chuo. Kwa ile ya pili, fundi aliweka alama ya rangi kwenye ncha ya kila stadi na kwenye habu, ili stadi ikisogea ionekane. Kwa ile ya kwanza, ninalipa kwa kurudia kipimo: tulikaza tena baada ya kilomita 80, na sasa ni kila gurudumu linapotolewa. Kuhusu bima, nimewaandikia barua na ninasubiri majibu.

Mke wangu amelibadili gurudumu peke yake mara moja tangu hapo, uani kwetu, kwa majaribio, kwa dakika zisizozidi 20. Gereji imenunua spana yake. Nati za Land Cruiser zimo katika kopo la maziwa kwenye rafu, na juu ya kopo fundi ameandika kwa rangi nyeupe: SI ZA GOLF.