Jumamosi ya Mwanafunzi Katika Milima ya Uluguru

Msafiri atokaye Dar es Salaam kuelekea bara huiona Milima ya Uluguru kabla hajauona mji wa Morogoro. Baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 190, ukuta wa kijani husimama upande wake wa kushoto, na mji umetandazwa chini yake. Hapa ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984. Hapa pia kipo Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro. Na nje kidogo ya mji kipo Chuo Kikuu Mzumbe.

Hata hivyo, mwanafunzi aweza kumaliza miaka mitatu akiutazama mlima kupitia dirisha la bweni bila ya kuukanyaga. Mapumziko yake huwa ni simu na usingizi, ilhali mbele yake upo uwanja wa mazoezi usiohitaji gharama kubwa.

Njia iliyozoeleka ni ile ya kupanda Morningside, penye jengo la kale la enzi za Wajerumani, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Njia hupita kando ya vijito na mashamba ya mboga yaliyolimwa kwenye miteremko mikali. Alfajiri kinamama wa Kiluguru huteremka na mizigo kichwani kuelekea sokoni, nao vijana wapandao mikono mitupu huanza kuhema. Hapo kijana hujifunza kuwapisha, kuwaamkia shikamoo, na kutokanyaga matuta ya watu.

Juu zaidi huanza msitu wa hifadhi, na kilele cha Lupanga, chenye mita 2,138, huutazama mji kutoka mawinguni. Huko hakuendwi kiholela. Kunahitajika kibali, na mwenyeji aijuaye njia, kwani ukungu hushuka ghafla na udongo huteleza, hasa wakati wa masika, Machi hadi Mei.

Mzazi aliye mbali, akisikia kwamba kijana wake, na hasa binti yake, anapanda mlimani, moyo humwenda mbio. Hofu hiyo ina msingi, na hupungua kwa maandalizi: waende kwa kundi linalofahamiana, mabinti wakiwa na wenzao wa kike, waache taarifa chuoni, wachukue maji, chakula na viatu vyenye kushika ardhi, waondoke mapema, wapange mahali pa kuswali Adhuhuri, na wawe wamesharudi mjini kabla ya Magharibi.

Faida yake haiishii kwenye afya ya mwili. Katika milima hii ndimo unamoanzia mto Ruvu, ambao ndio tegemeo kuu la maji ya jiji la Dar es Salaam. Mwanafunzi aliyelelewa Temeke au Kinondoni huyakuta huku maji ya bomba la kwao yakiwa bado ni kijito chembamba kati ya mawe. Huona pia mahali msitu ulipokatwa na udongo ukabaki wazi, ukingoja mvua uteremke nayo mtoni. Kesho huenda akawa bwana shamba, mwalimu au hakimu, na suala la mlima huu litaletwa mezani pake. Ni vyema awe ameshaupanda.