Dakika Tatu za Augusta

Nilikozaliwa, Uvira huko Kongo, mkulima hukutana na serikali akiwa ameitwa, na akiitwa huenda na woga. Bunge la mkoa lilikuwa Bukavu, lakini sijawahi kumwona mtu wa mtaani kwetu akipanda gari kwenda kulieleza habari za shamba lake. Hiyo ndiyo akili niliyokuja nayo Maine, Marekani. Niliposikia wakulima wenzangu wana shughuli bungeni, Augusta, makao makuu ya jimbo, nilidhani wamepata matatizo.

Kilichonibadilisha ni udongo. Tangu miaka ya 1970, tope linalobaki kwenye mitambo ya kusafisha maji taka lilikuwa likimwagwa mashambani kama mbolea, kwa kibali cha serikali yenyewe. Ndani yake mlikuwa na PFAS, kemikali zinazofanya kikaango kisigande na nguo isilowe. Haziozi wala hazivunjiki, ndiyo maana huitwa kemikali za milele. Mwaka 2016 zilipatikana katika maziwa ya ng'ombe wa shamba moja la Arundel. Mwishoni mwa 2021 wawindaji wa Fairfield wakaonywa wasile kulungu wa eneo hilo. Sisi tulikuwa tukilima lengalenga (mchicha) na nyanya chungu kwenye ardhi ya kukodi karibu na Lewiston, na mwenye ardhi hakuwa na habari ya kilichomwagwa pale kabla hajainunua.

Muswada LD 1911 ulitaka umwagaji huo upigwe marufuku. Mwanzoni mwa 2022 kamati zilikuwa bado zinasikiliza wananchi kwa mtandao kwa sababu ya korona, kwa hiyo bunge lilinikuta jikoni, simu nimeiegemeza kwenye kopo la unga, binti yangu pembeni akinitafsiria. Kila mtu hupewa dakika tatu. Huanza wanaounga mkono, hufuata wanaopinga, kisha huja kundi la wasiounga mkono wala kupinga (hao nawajua tangu nyumbani). Nilikuwa nimeandika kurasa na kurasa. Mzee mmoja Mrundi, aliyewahi kusimama mbele ya kamati, akanipigia usiku: "Mama, kemikali waachie wataalamu. Wewe waeleze mnachokula."

Basi nikawaeleza lengalenga: kwamba sisi tunakula jani lenyewe, na jani hufyonza kemikali hizo kuliko tunda, kwamba chungu huinjikwa karibu kila siku, na watoto ndio wa kwanza kunyoosha sahani.

Ila kura hazipatikani siku ya maoni. Hupatikana katika kikao cha kazi, pale wajumbe 13, wabunge 10 na maseneta 3, wanapokichambua kifungu kimoja kimoja, na mwananchi hukaa kimya asipoulizwa. Mwenye busara hupiga simu kabla. Hapa Maine mbunge mmoja ana watu 9,000 hivi, na hana katibu wake binafsi. Wangu alipopokea mwenyewe nilikaribia kukata simu.

Waliopinga hawakuwa watu wabaya. Wasimamizi wa mitambo ya maji taka waliuliza tope lipelekwe wapi na nani alipe, na swali lilikuwa la haki: mwaka 2023 sehemu ya tope la Maine ilibidi isafirishwe hadi Kanada. Hata hivyo nisingebadili neno nililosema. Gharama ya kusafirisha inaonekana kwenye ankara. Ile ya kumwaga ilijificha kwenye maziwa kwa miaka mingi. Aprili 2022 Gavana Janet Mills alitia saini muswada huo, na mwaka huohuo zikatengwa dola milioni 60 kwa ajili ya mashamba yaliyoathirika.

Siku hizi wanawake wenzangu wakiwa na jambo hunipa nambari ya muswada kwa simu, nami nawatafutia kamati. Binafsi nina swali moja: udongo wa ardhi ya kukodi, nani alipie kuupima, mpangaji au mwenye ardhi? Mbunge aliahidi kuniulizia. Nitampigia tena Jumatatu, kabla kamati haijakaa.