Sikuuliza Jina

Nikiri mapema: sikwenda tamashani kwa ajili ya ngoma. Nilikwenda kwa ajili ya msanii wa bongofleva aliyetangazwa kupanda jukwaani usiku. Mchana ule nilifika mapema kwa sababu rafiki yangu ana kawaida ya kuogopa foleni, na pia kwa sababu nyumbani Chikongola umeme ulikuwa umekatika. Nikanunua ming'oko ya kuchemsha, nikatafuta kivuli, nikakaa. Nilikuwa nahesabu saa tu.

Kwa wasiolijua, tamasha lenyewe linaitwa MaKuYa. Jina limefumwa kwa Makonde, Makua na Yao, makabila makubwa matatu ya huku kwetu. Lilianza mwaka 2008. Vikundi hushuka mjini kutoka vijijini na ngoma zao, njuga zao na vinyago vyao, wakati wa kiangazi, kabla watu hawajazama kwenye korosho. Nimezaliwa Mtwara, nimekulia Mtwara, na mpaka siku ile nilikuwa sijawahi kukanyaga pale hata mara moja.

Sababu naijua. Nilipopelekwa Dar es Salaam kusoma sekondari, darasa zima lilikuwa linasubiri nifungue mdomo. Nikisema "Ntwara" wanacheka. Nikisema "nchuzi" wanaanguka. Ndani ya muhula mmoja nikawa nimejifunza kutamka kama wao, na pamoja na matamshi nikaacha na mengine mengi. Likizo nilipomkuta bibi yangu, mwenye ndonya na chale zake, ananisalimu Kimakonde, nilimjibu Kiswahili. Hakuwahi kunisema. Na yeye akahamia kwenye Kiswahili, taratibu, kwa ajili yangu.

Basi nikakaa pale na ming'oko yangu. Sindimba ikaanza. Sindimba nilidhani naijua, maana hakuna shule ya msingi Tanzania ambayo haijawahi kuwapanga watoto mistari miwili na kuwaambia wakate kiuno kwa adabu mbele ya mgeni rasmi. Hii haikuwa ile. Wapigaji walikuwa wamewasha moto wa majani pembeni wakizipasha ngoma, wanaigonga moja, wanasikiliza, wanairudisha motoni. Zile ndogo zenye mguu uliochongoka zikachomekwa ardhini, zikapigwa kwa fimbo mbili nyembamba, na sauti yake ikawa kali kama mvua ya mawe juu ya bati. Nikajikuta nafikiria singeli, muziki wa Manzese na Tandale unaokimbia mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Sisemi singeli imetoka huku. Nasema mwili wangu haukuona ajabu.

Wakaja wa ngongoti, wanaocheza juu ya miti mirefu, watoto wakakimbia. Akaja lipiko na kinyago chake kichwani, watoto wakakimbia zaidi, na mama mmoja mtu mzima karibu yangu naye akasogea nyuma kidogo, akijifanya anatafuta kiatu.

Halafu wakaja wale.

Walikuwa watu wachache tu, na hawakuwa na sare. Wakalaza magogo mawili ya mgomba chini, wakapanga juu yake vipande vya mti, virefu kwa vifupi. Mzee akakaa upande mmoja, kijana wa kama miaka 20 akakaa upande wa pili, wakiangaliana, chombo kikiwa kati yao. Mzee akaanza. Kijana akawa anaingiza mapigo yake katikati ya mapigo ya mzee, pale penye nafasi, na baada ya muda mfupi nikashindwa kujua lipi la nani. Nikimtazama mzee nasikia kitu kimoja, nikimtazama kijana nasikia kingine, nikifumba macho nasikia cha tatu ambacho hakuna hata mmoja wao anayekipiga. Nyuma yao wanawake wanne walikuwa wamesimama, bado hawajaimba.

Nikatoa simu nikarekodi. Sekunde kama 50 hivi, mpaka vumbi likanikaba nikakohoa, nikazima.

Usiku msanii wangu alipanda. Alikuwa anaimba juu ya sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa, na sitaki kujifanya mwenye busara: niliruka, nikapiga kelele, sauti ikanikauka. Kwa mbali upande wa bandarini taa zilikuwa zinawaka. Niliondoka pale na furaha.

Kabla ya kulala nikaiweka ile video mtandaoni. Nikaandika: "Wasanii wapya kabisa kutoka kusini, hamjawahi kuwasikia. Mtwara kuchele!" Asubuhi nikakuta imetazamwa na watu kuliko kitu chochote nilichowahi kuweka maishani. Watu wanauliza ni akina nani hao, wanapatikana wapi. Prodyuza mmoja wa Dar akaniandikia faraghani akitaka namba zao. Sikuwa nazo. Nikamjibu "nafuatilia", nikatulia zangu.

Jioni nikamwonyesha bibi. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, kwa hiyo alichukua simu akaiweka sikioni kama anayepigiwa. Akasikiliza mara mbili.

"Wamakua hao," akasema.

"Umejuaje?"

"Wewe hujajua?" Akanirudishia simu. "Wanaitwaje?"

"Sijui, bibi."

"Hukuuliza jina?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwa wale watu.

Miezi miwili baadaye nilikuwa kwenye daladala, redioni ukapigwa wimbo mpya. Mwanzo wake ukanifanya nigeuke. Mapigo ya mti, yanazunguka, yanarudi palepale, chini yake kinanda na ngoma za kompyuta. Nikajiambia labda ni watu wengine, magogo ya mgomba yako mengi. Halafu, kabla sauti ya mwimbaji haijaingia, nikamsikia mtu anakohoa.

Ni mimi. Kikohozi changu kiko ndani ya wimbo wa watu.

Nilimwandikia yule prodyuza. Akajibu upesi, kwa heshima kabisa: "Kaka, ngoma za asili hazina mwenyewe, ni mali yetu sote." Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haisemi hivyo, inazitaja hata sanaa za jadi, na anayetaka kuzitumia kibiashara anatakiwa aombe ruhusa. Nikamwandikia hayo. Ujumbe wa pili hajaujibu mpaka leo. Ila ukweli ni kwamba kabla ya yeye, ni mimi niliyewaweka wale watu sokoni bila jina, na sikumwomba mtu ruhusa. Nani angemtafuta mwenyewe wakati mimi niliandika kama vile nimewaokota njiani?

Ikabidi niwatafute. Niliuliza kwa aliyekuwa mshereheshaji, akanielekeza kwa afisa utamaduni, naye akanipa jina la kijiji upande wa Masasi. Nikapanda basi alfajiri. Kijana nilimkuta kwanza, anaendesha bodaboda pale stendi. Nilimtambua kwa mikono yake. Akanibeba mpaka kwa babu yake, hakutaka nauli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu mkeka."

Nikaeleza kila kitu, nikiwa nimeinamisha kichwa, halafu nikamchezea ule wimbo. Alisikiliza mpaka mwisho bila kusema. Nilitegemea hasira, na nilikuwa nimejiandaa kwa hasira.

"Huyu anayekohoa nani?" akauliza.

"Ni mimi, mzee."

Akacheka mpaka akajifuta machozi. Kijana naye akacheka. Halafu mzee akaomba auchezewe tena, pale mwanzo tu.

"Wamechukua pasipo na kitu," akasema. "Hapa mimi na huyu tulikuwa tunatafutana tu. Tunaamshana. Wimbo bado. Wimbo ni pale akina mama wanapoitikia, na wewe ulikuwa umeshazima."

Nimeambiwa maneno makali mengi maishani, lakini hilo la kuambiwa kwa upole kwamba niliondoka kabla ya wimbo, sijalisahau.

Akamwita mkewe na jirani, magogo yakakatwa, vipande vikapangwa. Chombo chenyewe wanakiita mangolongondo. Mimi nilikuwa nimeandika "marimba". Wakapiga, wanawake wakaitikia. Ni wimbo wa mtu aliyekwenda kufanya kazi mbali, na nyumbani wanamuuliza kama bado anakijua kisima. Kijana alinitafsiria ubeti kwa ubeti. Mzee amekuwa akipiga tangu kabla mimi sijazaliwa. Huyo ndiye msanii wangu mpya kabisa.

Niliomba kurekodi. Akasema leo hapana, mpaka kijana akamilishe usajili wa kikundi BASATA na jina liwe lao kwenye karatasi. Ndiyo maana hata hapa, msomaji, jina silitaji. Wameniomba nisubiri, nasubiri. Ile video niliifuta, ingawa najua kufuta kwangu hakukitoi kikohozi redioni.

Nilirudi Mtwara usiku. Bibi alikuwa hajalala. Nikamwambia jina la kikundi, jina la mzee, jina la chombo, na habari ya kisima. Akatikisa kichwa kila nilipotaja, kama mtu anayehesabu chenji. Kisha akaniuliza jambo kwa Kimakonde, jambo dogo tu, kama nimekula.

Nikamjibu. Nilikosea neno moja, akanisahihisha, nikalirudia.