Ujira Usilale

Katika kisiwa chetu cha Pemba, hesabu ya karafuu hufanywa jioni. Mchumaji aliyeshinda juu ya mti huteremka na pakacha lake, karafuu huchambuliwa na kutengwa na makonyo, kisha hupimwa kwa pishi, na mwenye shamba hutoa ujira. Ndivyo nilivyoona kwa wazee wangu, na ndivyo nilivyofanya mimi kwa mikarafuu michache niliyorithi, isipokuwa msimu mmoja wa vuli, nao ndio unaonifanya niandike haya.

Mwaka ule mikarafuu ilizaa sana. Fedha nilikuwa nazo, ila si nyingi, nami niliona heri nizianike karafuu, zikauke, niziuze, ndipo niwalipe wachumaji. Sikuona kosa, niliona ni hesabu tu. Siku ya tatu, baada ya isha, kijana wa jirani alipiga hodi.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kwa ile hesabu yetu. Mama kanituma."

"Mwambie mama anivumilie mpaka keshokutwa, zikauke."

"Haya, inshallah," akasema, akaenda zake.

Mbele yangu mezani palikuwa na kazi niliyoombwa na kanisa letu dogo: kuyatia katika Kiswahili mahubiri juu ya Kumbukumbu la Torati, mlango wa 24. Hapo Musa anaagiza kwamba kibarua maskini, awe ndugu au mgeni, alipwe siku ile ile kabla jua halijachwa, asije akamlilia Mungu. Mimi sikusomea kazi hii katika chuo chochote. Ufasiri nimejifundisha kwa kamusi na taa, na aghalabu hukwama. Usiku ule nilikwama pale Musa anapoeleza jinsi kibarua anavyoutamani ujira wake. Mwenye mahubiri alifafanua kuwa katika Kiebrania msemo wenyewe ni wa kuinua nafsi, na kwamba Rashi, mfasiri mashuhuri wa Kiyahudi aliyeishi Ufaransa katika karne ya 11, akiwafuata wanazuoni wa kale, aliufahamu kwa maana ya hatari: kwamba mtu huyu ameitoa nafsi yake, akapanda juu, akaning'inia mtini, naye hakufanya hayo ila kwa ajili ya ujira.

Akaning'inia mtini! Mpemba gani atahitaji kufafanuliwa hayo? Tawi la mkarafuu huvunjika upesi. Wapo wachumaji wanaoanguka, na wapo walioanguka wasiinuke tena. Nami nilikuwa nimetoka sasa hivi kumwambia aliyening'inia angoje karafuu zikauke.

Nikalitazama na lile neno nililokwisha kuliandika, kibarua. Asili yake ni barua ndogo, yaani kile cheti alichopewa mfanyakazi wa kutwa katika Unguja ya karne ya 19, na wengi wa wafanyakazi hao walikuwa watumwa waliokodishwa, ambao sehemu ya ujira wao ilichukuliwa na mabwana zao. Neno lenyewe basi ni hati ya deni.

Fikira zikanipeleka Banani, si mbali na Chake Chake. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuuondolea utumwa nguvu ya sheria katika Unguja na Pemba. Bwana aliyepotewa na mtumwa wake aliweza kulipwa fidia. Mtumwa hakuwekewa fidia yoyote. Tena amri ile ile ilimtaka aonyeshe kuwa ana makazi na njia ya kujilisha, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Mwaka huo huo wakaja Pemba Wakristo wa Jumuiya ya Marafiki, yaani Quaker, akiwamo Theodore Burtt, na muda si muda wakanunua shamba la mikarafuu hapo Banani, wakawapa kazi ya ujira watu walioachwa huru. Kitabu kile kile cha Torati, katika mlango wa 15, kinakataza mtumwa kuachwa huru aende mikono mitupu. Marafiki hao, ambao ibada yao ni kukaa kimya pamoja, hawakuridhika na kuisoma amri hiyo. Sitaki kuwatukuza kupita kiasi: shamba lilikuwa lao, na wachumaji walibaki kuwa wachumaji. Lakini walifahamu kwamba uhuru usio na ujira haumlishi mtu.

Asubuhi nilikwenda kwa jirani. Nilimkuta mama uani akipepeta mchele, na kwa maneno yake nikajua kuwa ameukopa dukani. Nikamkabidhi fedha zote, nikamwomba radhi.

"Hapana neno, kaka," akasema. Kisha akaongeza kwa upole, "Na sisi tumefundishwa hayo hayo, mtu alipwe jasho lake lingali bichi."

Jasho la mwanawe lilikwisha kukauka tangu siku tatu.

Wakristo wa Pemba tu wachache. Jirani zetu hawaingii kanisani kutusikia tunavyosoma; wanatujua dukani, kisimani, na zaidi penye pishi. Kwa muda mrefu nilidhani kulitenda Neno ni jambo kubwa, linalomngoja mtu katika siku kubwa. Sasa naona aghalabu ni jambo la saa: lile lile litendwalo magharibi ni haki, na likingoja keshokutwa ni dhuluma, ijapokuwa fedha ni zile zile.

Tangu msimu ule fedha za wachumaji hutangulia kuwekwa kando kabla mtu hajapanda mti. Zisipopatikana, karafuu hubaki tawini mpaka zichanue na kuharibika. Hasara hiyo ni yangu, si ya mchumaji.