Msasa wa kumridhisha babu

Duka la vifaa vya ujenzi mtaani kwetu Mbagala lina msasa namba 80 na 120. Ukiuliza laini zaidi, muuzaji anaingia ndani na kurudi na 150, anakuwekea mezani kama aliyekufanyia hisani. Kwa mlango au kitanda unatosha. Kwa ndege ya plastiki yenye mabawa ya sentimita 40, ni sawa na kuiburuza kwenye lami.

Ndege yenyewe ni Fokker F27, ile ya injini mbili yenye mabawa juu ya madirisha. Kaka yangu alimletea mwanangu wa miaka 13 kutoka Uingereza, vipande vitupu ndani ya boksi, vya kuunganisha kwa gundi. Aliichagua makusudi. Baba yetu alikuwa fundi wa ndege hizo, kwanza katika Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, kisha, lile lilipovunjika mwaka 1977, katika Shirika la Ndege Tanzania. Leo presha ya macho imekula sehemu kubwa ya uoni wake. Daktari alituambia wazi kuwa kilichopotea hakirudi, matone ni ya kulinda kilichobaki. Kwa hiyo babu haioni ndege hii. Anaishika.

Hapo ndipo penye kazi. Nusu mbili za kiwiliwili zikiunganishwa, hubaki mstari wa gundi. Jicho unaweza kulidanganya kwa rangi, lakini si kidole gumba cha mzee aliyepapasa mabati ya ndege maisha yake yote ya kazi. "Hapa bado," anasema, anamrudishia mjukuu wake. Kijana akapiga hesabu mwenyewe: ndege imepunguzwa mara 72, kwa hiyo mkwaruzo wa sehemu moja ya kumi ya milimita, kwenye ndege halisi ungekuwa na kina cha milimita saba.

"Ndege ya hivyo nisingeisaini iruke," babu akasema.

Basi Jumamosi moja tukashika daladala mpaka Gerezani, kwa mafundi rangi wa magari. Wao ndio wenye mali. Wanauita msasa wa maji, ni karatasi nyeusi, unaanzia namba 400 na kupanda mpaka 2000. Namba ikipanda, punje inapungua: punje za 400 zina upana wa kama elfu 35 za milimita, za 2000 kama elfu 10. Fundi mmoja alimweleza mwanangu vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi: kila namba kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia, kwa hiyo ukiruka kutoka 400 hadi 2000 utasugua mpaka usiku na mikwaruzo itabaki. Tukachukua 400, 800, 1200 na 2000.

Mzazi mwenzangu, kama una mtoto mwenye pumu kama mdogo wake huyu, zingatia hili: plastiki isuguliwe ikiwa na maji, si kavu. Bakuli la maji, tone la sabuni, na vumbi lote linabaki majini. Msasa nao hauzibi upesi. Tunaukata vipande vidogo na kuvigundisha kwenye vijiti vya aiskrimu ili vifike pembeni.

Mchango wangu mimi ulitoka kwenye maduka ya vipodozi Kariakoo. Kile kitofali cha sifongo cha kung'arishia kucha, chenye pande za ukali tofauti, kinapinda kufuata mviringo wa ndege kuliko karatasi. Kijana alikiona cha kike kwa siku mbili hivi. Vioo vya marubani tulivimalizia kwa dawa nyeupe ya meno na kitambaa cha pamba. Nayo ina chembe laini za kusugulia.

Babu anacheka akisikia namba hizi. Anasema utotoni kwao seremala alichuma majani makavu yenye kukwaruza ya mti uitwao msasa, akasugulia mbao, na jina likahamia kwenye karatasi ya dukani.

Zamani kati yao ilikuwa shikamoo, marahaba, kisha kijana kwenye simu na mzee kwenye redio. Na baba alikuwa ameanza kukacha matone, akisema ya nini tena. Sasa anayemtia matone ni mjukuu, kila jioni kabla ya kazi, mikono ikiwa imeoshwa. Sharti alilitoa mwenyewe, tena kwa sauti ambayo mimi nisingethubutu kumtolea baba yangu: bila matone, hakuna ndege.

Rangi haijapakwa. Mabawa yamepita, pua imepita. Mkia una wiki ya pili sasa, na jana usiku nilisikia tena kutoka barazani: "Hapa bado."